Lafudhi Si Kichekesho: X-Men ya Chris Claremont Ikisomwa kutoka Masasi na Newala

Ikisiri

Makala hii inahakiki mfululizo wa komiki wa X-Men ulioandikwa na Chris Claremont kuanzia mwaka 1975 hadi 1991, na inachunguza kwa nini mfululizo huo ungali kielelezo cha utunzi wa hadithi za vikosi vya mashujaa. Wahakiki wengi wameeleza nguvu yake kwa kutazama mada ya ubaguzi. Makala inakubali kuwa mada hiyo ina uzito, lakini inadai kuwa haitoshi. Kilichoudumisha mfululizo ni namna mtunzi alivyoigawa lugha miongoni mwa wahusika, akaziacha lafudhi zao zibaki bila kutibiwa wala kuchekwa. Dai hili linapimwa kwa kuzingatia hali ya lugha ya Masasi na Newala, kusini mashariki mwa Tanzania. Kipimo hichohicho kinafichua dosari ya mfululizo: mwanakikosi kutoka Afrika Mashariki amepewa uwezo wa kuamuru mvua na radi, lakini hakupewa lugha ya kwao.

1.0 Utangulizi

X-Men ilibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963. Haikuvuma kama komiki nyingine za watunzi hao, na kati ya mwaka 1970 na 1975 ilichapisha upya hadithi zake za zamani bila kuongeza mpya. Mwaka 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum waliunda kikosi kipya katika toleo maalumu, Giant-Size X-Men namba 1. Baada ya hapo uandishi ulikabidhiwa Chris Claremont, ambaye aliushika kwa miaka 16. Mwaka 1991, alipokuwa akikaribia kuondoka, toleo la kwanza la mfululizo mwenza alioutunga pamoja na mchoraji Jim Lee liliuzwa kwa nakala zaidi ya milioni saba. Filamu zilizoanza mwaka 2000 zilijengwa juu ya wahusika wake, na ile ya mwaka 2014 ilitokana na hadithi aliyoiandika na John Byrne mwaka 1981.

Idadi ya nakala huonyesha mauzo, lakini haielezi athari. Komiki nyingi zilizouzwa sana katika kipindi hicho zimesahaulika. Swali la kihakiki ni jingine: ni kipi katika utunzi wa Claremont ambacho watunzi waliofuata hawakuweza kukikwepa?

Jibu lililozoeleka ni la kimaudhui. Wahusika wa X-Men wamezaliwa na vipawa ambavyo umma unaviogopa. Wanawalinda watu wanaowachukia, na kwa hiyo wamesomwa kama mfano wa kila kundi linalobaguliwa. Usomaji huo ni sahihi, na Claremont mwenyewe aliuwekea msingi, hususani katika kitabu cha mwaka 1982 kuhusu mhubiri anayehimiza chuki dhidi yao. Hata hivyo, mada hiyo ilikuwamo tangu mwaka 1963 na haikuizuia komiki kufifia. Mada isiyokuwa na nguvu mwaka 1969 haiwezi peke yake kueleza nguvu ya mwaka 1980. Hapana budi tofauti itafutwe katika umbo, na hasa katika lugha.

Mahali pa kuipimia hoja hii pamechaguliwa kwa makusudi. Masasi iko magharibi mwa Uwanda wa Makonde, chini yake. Newala iko juu, ukingoni, ikilitazama bonde la Mto Ruvuma. Katika eneo hili Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera vinakutana, na Kiswahili kinawaunganisha wasemaji wake. Msomaji wa huko anajua maana ya kuishi katika kundi lenye lugha moja ya pamoja na ndimi nyingi za nyumbani. Anajua pia gharama ya kufungua kinywa mbele ya watu wa mbali.

2.0 Kikosi cha Waliookotwa

Kikosi cha mwaka 1963 kilikuwa cha vijana watano, wote Wamarekani weupe. Kikosi cha mwaka 1975 kilikuwa na Kurt Wagner kutoka Ujerumani, Piotr Rasputin kutoka Muungano wa Kisovieti, Sean Cassidy kutoka Ireland, Logan kutoka Kanada, John Proudstar wa jamii ya Waapache, Shiro Yoshida kutoka Japani na Ororo kutoka Kenya. Wanakutanishwa na mwalimu, Charles Xavier, katika jumba la shule nje ya jiji la New York. Hawakuchaguana, hawana historia moja, na kinachowafanya kuwa jamii ni nyumba na lugha ya nyumba hiyo.

Jamii ya namna hiyo si ngeni katika historia ya Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kutoka Zanzibar, kupitia Lindi, kundi la watu walioachiwa huru kutoka utumwani, likaweka makazi Masasi. Watu hao walikuwa wa asili mbalimbali, walionyang'anywa makwao wakiwa wadogo, na walikuwa wameunganishwa na Kiswahili walichojifunza Zanzibar. Steere ndiye aliyechapisha mkusanyo wa hadithi za Kiswahili mwaka 1870. Mwaka 1882 makazi hayo yalivamiwa na Wangoni, ambao huko waliitwa Magwangwara, na kazi ya misheni ikahamia kwa muda Newala, katika himaya ya Matola.

Ulinganisho huu haudai kuwa Claremont aliijua Masasi. Unaonyesha kuwa hadithi ya waliookotwa, wakakusanywa na mlezi na kulazimika kutengeneza ukoo usio wa damu, ni umbo la maisha kabla ya kuwa umbo la komiki. Umbo hilo lina swali lake la lazima: baada ya kukusanywa, kila mmoja atasema kwa sauti ya nani? Ya mlezi, ya kundi, au ya kwao? Watunzi wengi wa hadithi za vikosi hawakuliuliza. Katika komiki nyingi za awali wahusika wa kikosi kimoja walitofautishwa na rangi za mavazi na aina za vipawa, lakini maneno yao yangeweza kubadilishwa kutoka kinywa kimoja hadi kingine bila msomaji kugundua. Claremont alilifanya swali hilo kuwa kazi ya kila toleo.

3.0 Jina la Pili

Njia ya kwanza aliyoitumia ni jina. Kila mwanakikosi ana jina la nyumbani na jina la kikosi. Katika komiki za mashujaa jambo hili kwa kawaida ni siri tu: jina la pili hulificha la kwanza. Katika X-Men ya Claremont majina yote mawili yanafanya kazi ya kijamii. Katika mapambano wahusika huitana kwa majina ya kikosi. Jikoni, kitandani hospitalini na makaburini huitana Kurt, Piotr, Ororo. Msomaji hujifunza kuutambua ukaribu wa wahusika kwa kutazama jina lililochaguliwa, kama msomaji wa Kiswahili anavyoutambua uhusiano kwa kutazama kama mtu ameitwa "mzee", "kaka" au "baba Fulani".

Ulinganifu wa karibu zaidi unapatikana katika jando. Miongoni mwa Wayao na Wamakonde, kijana hutolewa nyumbani, huwekwa kambini, hufunzwa yasiyosemwa hadharani, kisha hurudi akiwa na jina jipya. Jina la utotoni huachwa, na kumwita mtu mzima kwa jina hilo huhesabiwa kuwa ni kumvunjia heshima. Taasisi hii ilikuwa na nguvu kiasi kwamba Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, hakujaribu kuifuta. Aliunda jando la Kikristo, jaribio ambalo mwanahistoria Terence Ranger alilichambua kwa kina katika miaka ya 1970.

Shule ya Xavier ni jando pia: ina kambi, mlezi, siri na jina jipya. Tofauti ni kwamba jando hufunga mlango wa jina la kwanza, ilhali Claremont anauacha wazi. Mhusika wake hamalizi kuvuka. Anabaki kizingitini akiwa na majina mawili. Hapa ndipo mfululizo ulipopata muda wake. Hadithi inayokamilisha mpito wa mhusika huisha mpito unapoisha. Hadithi inayomwacha kizingitini inaweza kuendelea miaka 16, na kila tukio likaongeza uzito wa lile lililotangulia. Kifo cha Jean Grey katika toleo la 137, mwaka 1980, kiliwaumiza wasomaji kwa sababu aliyekufa alikuwa amegawanyika kati ya jina lake na jina la nguvu iliyomtawala.

4.0 Lafudhi kama Sehemu ya Utu

Njia ya pili, na ndiyo kiini cha makala hii, ni lafudhi. Claremont aliiandika sauti ya kila mhusika ndani ya puto la maneno, yaani duara linalobeba usemi wake. Kurt huchanganya Kiingereza na Kijerumani, Piotr huwaita wenzake kwa neno la Kirusi la "komredi", Sean ana msamiati wa Ireland. Rogue, aliyejiunga na kikosi mwaka 1983, anatoka Mississippi, na tahajia ya maneno yake imepindwa ili kuonyesha matamshi ya kusini mwa Marekani. Msomaji anaweza kuifunika picha na bado akamjua msemaji.

Ukosoaji wa kiisimu dhidi ya mbinu hii ni wa haki na haufai kupuuzwa. Msemaji wa lugha ya pili harudi kwenye lugha yake ya kwanza kwa maneno mepesi kama salamu na "ndiyo". Hayo ndiyo huyajua mapema zaidi. Athari ya lugha ya kwanza hukaa katika fonolojia na sintaksia. Mfano mzuri unapatikana Masasi. Kutokana na mzizi mmoja wa Kibantu, *-ntu, Kiswahili kina mtu, Kiyao kina mundu, Kimakonde kina munu, na Kimakua kina mutthu. Kiyao kimekighunisha kipasuo baada ya nazali, Kimakonde kimekidondosha kipasuo na kuiacha nazali, Kimakua na Kiswahili vimeidondosha nazali na kukiacha kipasuo. Kanuni kama hizi zimo kinywani mwa msemaji, na ndizo zinazomtambulisha anaposema Kiswahili, hata kama hatumii neno hata moja la kwao. Kwa kipimo hicho, Kirusi cha Piotr ni pambo la juujuu. Lafudhi ya Rogue, kwa upande wake, imeandikwa kwa kufuata sauti.

Hata hivyo, upungufu wa usahihi hauondoi uzito wa uamuzi wa kisanaa. Jambo la maana ni hadhi ambayo lafudhi imepewa katika hadithi. Katika miaka yote hiyo Kurt haponywi Kijerumani chake. Hakuna toleo linalomfanya Rogue ajifunze "kusema vizuri" ndipo aaminiwe. Lafudhi ya kusini mwa Marekani imezoeleka katika filamu na vichekesho kuwa alama ya ujinga. Claremont aliiweka katika kinywa cha mwanamke mwenye nguvu kuliko wengi, anayebeba majonzi ya kutoweza kumgusa mtu bila kumdhuru. Msomaji anayeanza kwa kuicheka tahajia yake hujikuta, baada ya matoleo machache, hana tena cha kucheka.

Kwa msomaji wa Newala jambo hili lina uzito wa pekee. Katika vichekesho vingi vya Kiswahili, vya redio, jukwaani na katika runinga, matamshi ya watu wa kusini yametumiwa kuwa kichekesho kilichokwisha pikwa: mhusika akifungua kinywa tu, hadhira inacheka, na hakuna zaidi kinachotakiwa kwake. Fasihi andishi imefanya kosa la upande wa pili. Katika riwaya nyingi wahusika wazito husema Kiswahili sanifu, na lafudhi huachiwa mlinzi, mpishi na mgeni kutoka shamba. Kanuni isiyoandikwa ni kwamba anayefikiri husema sanifu, na anayechekesha husema kwa lafudhi. Mfululizo wa Claremont unaivunja kanuni hiyo kila ukurasa. Usahihi wa lafudhi ni suala la ufundi, na mwandishi mwingine anaweza kuuboresha. Hadhi ya lafudhi ni suala la utu.

Utu huo ndio unaoipa nguvu mada ya ubaguzi ambayo wahakiki wameishughulikia. Swali linaloendesha mfululizo ni nani anayehesabiwa kuwa mtu. Mahali ambapo neno lenyewe lina maumbo ya mtu, mundu, munu na mutthu, jibu la Claremont linasikika kwa uwazi: maumbo yote ni ya mzizi mmoja, na hakuna umbo linalopaswa kuomba radhi kwa jingine.

5.0 Ororo: Mzizi Usio na Ngeli

Kipimo kikiwa cha haki, hakina budi kumpima pia mwanakikosi wa Afrika Mashariki. Ororo, anayeitwa Storm, anakutwa na Xavier nchini Kenya, ambako watu wanamwabudu kwa sababu anaamuru mvua. Katika toleo la 102, la mwaka 1976, Claremont alimpa wasifu: mama ni binti wa kifalme kutoka Kenya, baba ni Mmarekani mweusi, utoto wake ulikuwa Cairo, na wazazi wake walikufa kwa bomu wakati wa vita vya Suez vya mwaka 1956. Baadaye alimfanya kiongozi wa kikosi. Kwa komiki ya Marekani ya miaka hiyo, kumpa mwanamke Mwafrika uongozi juu ya wanaume weupe lilikuwa jambo kubwa, na sehemu ya athari ya mfululizo inatokana na ujasiri huo.

Lakini sikiliza sauti yake. Wakati Kurt ana Kijerumani na Sean ana Kiireland, Ororo kwa kawaida husema Kiingereza cha fahari, kisichofupisha maneno, kama cha mtu anayesoma tangazo hekaluni. Viapo vyake humtaja mungu wa kike asiyekuwa na jina la lugha yoyote ya Kenya. Kiswahili, Kikuyu, Kimaasai, hata Kiarabu cha Cairo alikokulia, havisikiki kama sehemu ya kawaida ya usemi wake. Mama yake ameitwa N'Daré, jina ambalo kipashio chake cha juu na alama yake ya irabu vinakumbusha tahajia ya makoloni ya Ufaransa huko Afrika Magharibi kuliko tahajia yoyote ya Kenya. Mtunzi aliyejua kuwa Mjerumani huwa mtu kamili anapobaki na Kijerumani chake hakuitumia kanuni hiyo kwa Mkenya.

Jina lenyewe, Ororo, linatoa ushahidi ambao mtunzi huenda hakuukusudia. Katika hadithi limeelezwa kuwa na maana ya uzuri. Katika Kiswahili -ororo ni mzizi wa kivumishi chenye maana ya ulaini, na hauji peke yake. Huja na kiambishi cha ngeli: mto mwororo, ngozi nyororo, kitambaa chororo. Kiambishi ndicho kinachousimamisha mzizi katika sentensi na kuuonyesha unahusiana na nani. Ororo wa X-Men ni mzizi ulioachwa bila kiambishi. Ana asili, lakini hana upatanisho: hana ndugu wa mama wanaomwita kwa lugha yao, hana utani, hana methali, hana hata salamu. Amepewa bara lakini hakupewa kijiji.

Dosari hii inaithibitisha hoja ya makala. Ingekuwa lafudhi ni pambo tu, ukosefu wake kwa Ororo usingeonekana. Unaonekana kwa sababu mfululizo wenyewe umemfundisha msomaji kuisaka sauti ya kila mtu.

6.0 Kikosi Ambacho Kiswahili Kilikuwa Nacho

Katika miaka hiyohiyo Kiswahili kilikuwa na kikosi chake cha wahusika wa picha. Jarida la Sani, ambalo jina lake limeundwa kutokana na majina ya waanzilishi, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, liliwajumuisha Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Madenge na Pimbi. Philip Ndunguru, mchoraji anayekumbukwa zaidi kwa wahusika hao, alifariki akiwa bado kijana, na wengine wakauendeleza mstari wake, kama Claremont alivyowaendeleza wahusika ambao hakuwabuni.

Wahusika wa Sani hawapai wala hawaamuru radi. Uwezo wao umo ndani ya majina yao. Ndumilakuwili ni nyoka wa vichwa viwili na ni mnafiki, na jina lake ni hadithi nzima kabla ya picha ya kwanza. Lodi Lofa ameunganisha ubwana na ufukara katika maneno mawili ya mkopo yaliyokwisha swahilishwa, na mgongano huo ndio maisha yake. Hapa lugha imefanya kazi ambayo Marekani ilikabidhi mavazi na vipawa. Mhusika kama Kipepe anaweza kulinganishwa na Asterix wa Ufaransa. Ulinganisho huo unafaa kupanuliwa, kwa sababu komiki ya Kiswahili ilikuwa na nadharia yake ya kikosi: wahusika hutofautishwa kwa hulka inayotajwa, na hukutana katika Kiswahili cha mtaani.

Kilichokosekana katika nadharia hiyo ndicho Claremont alikuwa nacho, yaani muda na majeraha. Ndumilakuwili haponi unafiki wala haumii kwa ajili yake. Wiki ijayo ataanza upya. Kilichokosekana kwa Claremont, angalau kwa Ororo, ndicho Sani ilikuwa nacho, yaani jina lililo hai katika lugha ya wasomaji wake.

7.0 Hitimisho

Mfululizo wa X-Men wa mwaka 1975 hadi 1991 una kasoro zilizo wazi. Masimulizi yake mara nyingi hueleza kwa maneno mengi kile ambacho mchoraji amekwisha kukionyesha, na baadhi ya lafudhi zake ni za mtalii. Bado unaathiri kwa sababu ulithibitisha kuwa kikosi ni mkusanyiko wa sauti kabla ya kuwa mkusanyiko wa vipawa, na kuwa sauti isiyo sanifu inaweza kubeba huzuni, uongozi na fikra.

Kwa fasihi ya Kiswahili somo lake ni mahususi. Neno "mmachinga", lenye asili katika jina la watu wa Lindi, lilianza kwa kuwataja vijana wa kusini waliokwenda kuuza bidhaa mkononi Dar es Salaam, na sasa linamtaja mchuuzi yeyote, hata katika hotuba za serikali. Jina la kusini limekubalika kotekote, lakini sauti ya kusini bado inasubiri mlangoni, ikiruhusiwa kuingia inapochekesha. Mtunzi atakayemwandika msichana wa Newala anayesema Kiswahili chenye mwangwi wa Kimakonde, akampa jambo zito la kuamua na asimsahihishe, atakuwa amelichukua somo kuu la Claremont na kumlipia deni lake kwa Ororo.